Rimu kubwa kwenye gari la zamani: fanya hesabu hizi kabla hujatoa hela

#1 Mwanzisha uzi

Habari za humu wakuu.

Swali hili linarudi kila mara: "Nina Corolla 100, nataka kuivalisha rimu za 17, zitaingia?" Wanaojibu wamegawanyika pande mbili. Wa kwanza: "Zinaingia mkuu, piga kazi." Wa pili: "Acha kuharibu gari." Mwenye gari anabaki na hela yake mkononi na hajui ashike lipi. Mimi kazi yangu ni ya chini ya gari, matairi, alaimenti na shokapu, na gari ninalotembelea ni hiyohiyo Corolla ya AE100, injini 5A ya cc 1500. Nitaitumia kama mfano, mwenye gari jingine atabadilisha namba tu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ukubwa wa rimu unaweza kuongezeka, lakini kimo cha gurudumu zima kibaki palepale. Na kwa gari la umri huu, kwa barabara zetu, inchi moja ndiyo saizi nzuri. Mbili zinavumilika. Kuanzia tatu, gari litashinda gereji.

Tuanze na maandishi ya ubavuni. Tairi la Corolla hii lililotoka nalo kiwandani mara nyingi ni 175/70R13. Hiyo 175 ni upana kwa milimita. 70 ni asilimia: ubavu wa tairi una kimo cha asilimia 70 ya upana, yaani milimita 122.5. 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo gurudumu zima lina rimu milimita 330 ukijumlisha na ubavu wa juu na wa chini, 245. Jumla milimita 575. Hiyo 575 ndiyo namba ya kuilinda.

Sasa angalia zinazopendekezwa:

175/70R13: kimo 575, ubavu 122
185/60R14: kimo 578, ubavu 111
195/50R15: kimo 576, ubavu 97
195/45R16: kimo 582, ubavu 88
205/40R17: kimo 596, ubavu 82

Ya 14 na ya 15 zinakaa karibu kabisa na kimo cha mwanzo. Spidomita haitadanganya, gia hazitabadilika tabia, na tairi halitagusa fenda kwa sababu ya kimo. Ya 17 imezidi kwa asilimia 3.6. Ukisoma 80 kwenye dashibodi unakwenda karibu 83. Kwa anayepita kwenye vibao vya 50 huku askari ameshika tochi, tofauti hiyo inalipiwa.

Lakini spidomita ni jambo dogo. Angalia safu ya ubavu. Ubavu wa tairi ndio springi ya kwanza ya gari, unapokea pigo kabla ya shokapu. Ukitoka 122 kwenda 82 umeondoa theluthi ya springi hiyo. Pigo halikupotea, limehama tu. Linaingia kwenye mdomo wa rimu, hasa ule wa ndani usiouona, kisha kwenye beringi, bolijointi, bushi na vikombe vya shokapu, vitu ambavyo kwenye gari la miaka ya 90 vimeshachoka kabla hujavigusa. Ndiyo maana mtu anavaa 17 leo, na baada ya muda anasema gari "limeanza kugonga". Halikuanza leo. Ubavu mnene ulikuwa unaficha ubovu uliokuwepo.

Na rasta zetu zile za mfululizo, matuta yasiyopakwa rangi, mashimo ya masika yaliyojaa maji usiyojua kina chake, yote hayo ubavu wa milimita 82 hauna pa kuyapeleka. Tairi likibanwa kati ya ukingo wa shimo na mdomo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika na ubavuni panaota uvimbe. Tairi lenye uvimbe ni la kutoa, hata kama lina mwezi mmoja. Nyuzi zilizokatika hazizibiki, na kwa mwendo wa safari linaweza kupasuka.

Jambo la pili ni uzito. Watu wengi wanaamini rimu ya alloy ni nyepesi kwa sababu tu ni alloy. Kuna nyepesi, kweli, lakini kopi nyingi za bei rahisi za inchi 17 zikiwa na tairi lake ni nzito kuliko chuma cha 13 na tairi lake. Uzito huo unazunguka, na upo mbali na kitovu. Injini ya cc 1500 yenye gia za otomatiki itausikia kila unapoondoka kwenye taa, na breki zilizopangwa kwa rimu ya 13 zitausikia kila unaposimama. Ukiweza, pima kwa mizani ya kawaida ya dukani. Beba rimu yako na tairi lake, pima, kisha pima mpya. Muuzaji mwenye nia njema hatakataa.

Sasa kuingia au kutoingia. Hapa ndipo hela nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza matundu ya nati. Corolla hii ina nati 4 kwenye duara la milimita 100, inaandikwa 4x100. Mark II, GX100 au GX110, ni 5x114.3. Usikubali kuambiwa "inakaribia". Kati ya 4x100 na 4x98 macho hayaoni tofauti, lakini nati zinakaza upande upande na stadi (bolti ambazo nati zinafungwa) zinakaa kwenye mkazo ambao hazikuumbiwa.

Pili, tundu la katikati. Haba ya Corolla, yaani kitovu cha chuma ambacho rimu inavalishwa, ina kipenyo cha milimita 54.1. Rimu za mtumba zilizotoka kwenye gari nyingine, au za dukani zinazotengenezwa zivaliwe na magari mengi, zina tundu kubwa zaidi, mara nyingine 67.1 au 73.1. Zitaingia, ila rimu itakuwa inaning'inia kwenye nati peke yake, na ikikaa nje ya kitovu hata kwa kiasi kidogo usukani unatetemeka ukifika 80 au 90. Unapeleka balansi mara ya kwanza, ya pili, hakuna kinachobadilika, kwa sababu balansi haikuwa tatizo. Dawa ni pete za katikati za kujaza nafasi hiyo. Ni za bei ndogo. Zidai siku hiyohiyo unaponunua rimu.

Tatu, ET. Nyuma ya rimu kumeandikwa kitu kama 7J ET35. J ni upana kwa inchi. ET ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa haba. ET ikipungua, gurudumu linatoka nje. Tuseme rimu yako ya sasa ni 5J ET45 na unayoitaka ni 7J ET35. Upana umeongezeka inchi 2, yaani milimita 25 kila upande. Halafu ET imesogeza kila kitu nje kwa 10. Kwa hiyo nje gurudumu limetoka kwa milimita 35, ndani limeingia kwa 15. Je, una nafasi ya 35 kati ya tairi na fenda? Una 15 kati ya tairi na shokapu? Hayo ndiyo maswali ya kujibu kwa rula kabla ya kwenda Ilala.

Kupima ni kazi ya nusu saa. Gari likiwa tambarare na tairi lake la sasa, weka kipande cha mbao kilichonyooka wima kwenye ukingo wa fenda, pima kutoka hapo hadi ubavu wa tairi. Kisha ingiza mkono nyuma ya gurudumu la mbele, pima nafasi iliyopo kati ya tairi na shokapu. Kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, pima tena. Kwa nyuma, kalisha watu watatu wazito ndipo upime, maana gari tupu linatudanganya sote. Ukiingiza rimu mpya, rudia hayohayo kabla hujalipa.

Nne, nati. Hili wengi hawalijui. Rimu nyingi za alloy zilizotoka na Toyota za miaka ile zinatumia nati zenye shingo na washa bapa. Rimu za dukani nyingi zinataka nati yenye mdomo wa pia, yaani umbo la koni, wenye pembe ya nyuzi 60. Honda wanatumia mdomo wa duara. Nati ya washa bapa kwenye rimu ya pia inagusa ukingo tu, utaikaza mpaka jasho likutoke na bado italegea njiani. Uzi wa stadi za Toyota ni M12x1.5, yaani unene milimita 12 na kila mzunguko milimita 1.5. Nissan, Suzuki na Subaru wengi ni M12x1.25, ukilazimisha unaua stadi.

Tano, uwezo wa kubeba. Baada ya saizi kuna namba na herufi, kwa mfano 82T. 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, T ni kasi ya mwisho kilomita 190 kwa saa. Tairi jipya lisiwe chini ya lile la kiwandani. 185/60R14 na 195/50R15 kwa kawaida zinakuja na 82, sawasawa na ya kwanza. 195/45R16 nyingi ni 80, kilo 450. Ukipakia familia na magunia kutoka Iringa ukateremka mlima wa Kitonga, kilo hizo 25 kwa kila tairi ndizo unazozihitaji.

Mwenye swali aulize, nitajibu kadiri nijuavyo.

#2

Mkuu shukrani, huu uzi nauhifadhi. Mimi nina Mark II GX110, tairi 195/65R15. Kuna mtu ananiuzia 18 zenye 215/45. Anasema GX110 ni gari kubwa, haina shida.

#3 Mwanzisha uzi

Karibu mkuu. Gari lako limeanza na kimo cha milimita 634.5. 215/45R18 inatoa 650.7, imezidi kwa asilimia 2.6. Ukiipenda sana 18, saizi inayorudi kwenye kimo ni 225/40R18, milimita 637. Lakini ubavu utakuwa 90 tu, kutoka 127 uliyonayo sasa.

Ningekuwa mimi ningeishia 16 na 205/55R16. Kimo 632, ubavu 113, na uwezo wa kubeba 91, yaani kilo 615, sawa na tairi lako la kiwandani. Ndiyo saizi iliyotumika kiwandani kwenye baadhi ya Mark II zenyewe, na tairi zake zipo kila mahali kwa sababu magari mengi mno duniani yanazivaa. Ukitaka sura zaidi, 225/45R17, kimo 634, ubavu 101. Jihadhari na 215/45R17 ya kawaida, ina 87, kilo 545. Kwa gari la uzito wako tafuta iliyoandikwa XL, yaani iliyoimarishwa kubeba zaidi, yenye 91, na upepo wake uwe juu kidogo ya ule wa kwenye kibandiko cha mlangoni.

Halafu haba yako ni 60.1. Rimu zilizotoka kwenye Mazda ni 67.1 na Nissan ni 66.1 kwa 5x114.3 hiyohiyo. Zinaingia, ila zidai pete.

#4

Kaka mimi nipo Arusha, njia ya nyumbani ni vumbi na mawe. Sitaki urembo, nataka Corolla iinuke. Nikiweka tairi nene tu na rimu ndogo?

#5 Mwanzisha uzi

Wewe ndiye unayenielewa zaidi, kaka. Kwa barabara yako ubavu ndio mali.

Ila kumbuka, kimo kikiongezeka gari linainuka kwa nusu tu. 175/70R14 ina kimo cha 601, gari litainuka kwa milimita 12 au 13, basi. Na spidomita itasoma chini kwa zaidi ya asilimia 4: ukiona 80 unakwenda 83 na nusu. Gia zitakuwa ndefu, mlimani utasikia injini inalalamika. Na ukikata usukani huku umepita shimoni, kagua kama tairi haligusi plastiki ya ndani ya fenda.

Kwa maoni yangu baki na 175/70R13 au nenda 175/65R14, kimo 583, ubavu karibu 114, kisha hela iliyobaki ipeleke kwenye springi na shokapu mpya. Corolla nyingi zinakwangua chini kwa sababu springi za nyuma zimelala. Springi nzima zitakuinua kuliko tairi.

#6

Wadau niko Nairobi. Nilipata rimu Grogan, ziko poa lakini zinagusa shock kwa ndani. Jamaa wa duka anataka kuniwekea spacer. Ni sawa?

#7 Mwanzisha uzi

Ndugu, spesa zipo za aina mbili. Ile bapa inayoingizwa tu kati ya haba na rimu inakula urefu wa stadi. Kanuni ninayoifuata: nati ishike uzi wa urefu usiopungua unene wa stadi. Stadi ya M12 inataka milimita 12 za uzi, na kwa uzi wa 1.5 hiyo ni mizunguko 8 kamili. Vua, vaa, hesabu mizunguko kwa mkono. Ikipungua 8, sitaendesha gari hilo wala sitakuruhusu kuliendesha. Dawa inakuwa kubadilisha stadi ziwe ndefu.

Aina ya pili inafungwa kwenye haba kwa nati zake na ina stadi zake. Hiyo ni salama zaidi ikiwa imetengenezwa vizuri na tundu lake la katikati limelingana na haba. Lakini hata hiyo inasogeza gurudumu nje, na beringi inabeba kwa mkono mrefu zaidi. Kama bado una risiti, rudisha rimu, utafute yenye ET ndogo kidogo au nyembamba kwa nusu inchi. Kununua rimu isiyoingia halafu kununua kifaa cha kuifanya iingie ni kulipa mara mbili kwa kosa la muuzaji.

#8

Habari kaka. Mimi naogopa tairi. Rimu nilizoonyeshwa ni za mtumba na zinauzwa na matairi yake, kashata (michongo ya tairi) bado nzuri kabisa. Nitajuaje kama yanafaa?

#9 Mwanzisha uzi

Dada, hofu yako ni ya haki. Kashata haitoshi. Tafuta ubavuni neno DOT, fuata mpaka mwisho, kuna tarakimu nne kwenye kidude cha mviringo mrefu. 2219 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, ondoka hapo. Maandishi kamili yapo upande mmoja wa tairi, kwa hiyo usikubali kuambiwa "hili halina tarehe", waombe waligeuze.

Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Mimi sinunui tairi lililozidi miaka 6, hata likiwa na kashata yote. Likunje ubavu kwa mikono, utaona nyufa ndogondogo kama zipo. Lipenyeze mkono ndani, tafuta viraka na sehemu zilizopauka, maana tairi lililotembea bila upepo linaachia unga mweusi ndani. Na chunguza kashata kama imechongwa. Tairi vipara linalochongwa upya linaonekana jipya kwa mbali, lakini chini ya mfereji karibu hakuna mpira uliobaki.

Rimu nayo izungushe kwenye mashine ya balansi kabla ya kulipa, uangalie mdomo wa ndani. Ikiwa imepinda kidogo, inanyooshwa. Ikiwa imechomewa kwenye mkono wa nyota au karibu na nati, iache. Hakuna fundi atakayekuhakikishia kilichomo ndani ya mchomeo huo.

#10

Naongezea kwa wenye Subaru, maana hapo mkuu hakugusa. Forester na Impreza za zamani ni 5x100 na haba 56.1. Toyota zenye 5x100 ni 54.1. Rimu ya kiwandani ya Toyota haipiti kwenye Subaru mpaka ichongwe tundu kwa mashine. Kinyume chake inaingia, inabaki nafasi ya kujaza kwa pete. Na kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, matairi yote yawe saizi moja na kashata zinazolingana. Mawili mapya na mawili yaliyoisha yanazungusha gia ya katikati muda wote, inapata moto mpaka inakufa.

#11 Mwanzisha uzi

Asante sana mkuu kwa hilo la Subaru, umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningelieleza.

#12

Mimi napinga kidogo. Nina Corolla 110 na 17 mwaka wa pili huu. Natembea Masaki, Posta, Mikocheni. Kona inakamata, gari limetulia, sijapinda rimu hata moja. Tusiwatishe watu.

#13 Mwanzisha uzi

Mkuu nakubali kwamba kona inakamata. Tairi pana lenye ubavu mfupi halilali kwenye kona, na kwenye lami safi utafurahia. Njia zako nyingi ni lami nzuri, kwa hiyo matumizi yako yanaendana na saizi hiyo kuliko ya mtu wa Chanika au Mbagala ndani ndani.

Ninachokuomba ni kimoja: likiwa kwenye jeki, shika gurudumu la mbele juu na chini, litikise. Kisha kushoto na kulia. Ukisikia mchezo, beringi au bolijointi au tairodi imeshaanza. Na uangalie upande wa ndani wa matairi kama unaisha kuliko wa nje. Ukikuta vyote salama, endelea kufurahia gari lako, nami nitafurahi ukituandikia hapa.

#14

Basi mimi nachukua 14 na 185/60. Baada ya kufunga nifanye nini? Na tairi la spea nibadilishe?

#15 Mwanzisha uzi

Umechagua vizuri. Kabla ya kufunga, sugua kutu kwenye uso wa haba kwa brashi ya waya, kutu hiyo peke yake inaweza kuifanya rimu ikae mshazari. Kaza kwa mtindo wa msalaba, nati moja kisha ya mkabala wake, gari likiwa bado hewani kwa mkono tu, kisha likishuka kaza kwa spana ya kipimo, Newtonmita 103. Usimalizie kukaza kwa bunduki ya upepo, inavuta stadi na hujui imekaza kiasi gani. Ukitembea kilomita 50 hadi 100, rudia kukaza. Alaimenti fanya baada ya kubadilisha bushi zilizochoka, ukifanya kabla umeitupa hela.

Spea ya 13 usiibadilishe. Kimo chake ni 575 na mapya ni 578, itakufikisha nyumbani bila tatizo. Ila kama rimu mpya zimekuja na nati zake nyembamba, weka zile nati 4 za zamani kwenye mfuko mmoja na spea, pamoja na spana yake. Rimu ya chuma inataka nati zake, na ukipata pancha usiku Chalinze hakuna duka litakalokuwa wazi.